Nina miaka 69 na bado natamani kwenda angani: jibu kwa Mwalimu wa Mikindani

Swali: "Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nina miaka 69, nilizaliwa Lindi na sasa naishi Mikindani. Mwaka 1969, kwenye redio ya dukani kwa mjomba, nilisikia kwamba watu wamekanyaga mwezi. Tangu siku hiyo nikaamini nitaishi mpaka watu wa kawaida waende huko kama tunavyopanda basi la Dar es Salaam, na mimi nikiwamo. Miaka imekwenda. Nina presha, nina goti. Wanangu wanasema hamu hiyo si ya mtu wa umri wangu, nitulie nishike tasbihi. Nauliza: mwili wa miaka 69 unaiweza safari hiyo? Na kama siendi, nifanye nini na hamu iliyokataa kuzeeka?"

Shikamoo Mwalimu.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Kwa miaka 14 kazi yangu ilikuwa kuwapima marubani na wahudumu wa ndege kabla hawajapewa cheti cha afya, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa moyo mweupe kama wako, kama mwili wake ungefaa kwenda juu kuliko ndege inapofika. Sasa niko hapa Mtwara, na wengi ninaowaona kliniki ni watu wa rika lako. Kwa hiyo maswali yako yote mawili yamenikuta nyumbani.

Nianze na neno gumu tulimalize. Hutakwenda, Mwalimu. Nalisema waziwazi kwa sababu kumwambia mtu mzima "huwezi jua, Mungu mkubwa" kisha ukageuka na kuondoka ni kumvunjia heshima. Lakini sababu yenyewe isikilize vizuri, maana hapo ndipo wanao walipokosea. Kinachokuzuia si umri. Ni fedha. Mwaka 2001 Mmarekani Dennis Tito alikwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa kwa kujilipia, na inasemekana alitoa kama dola milioni 20. Alikuwa na miaka 60. Mwaka 2022 kiti cha mtu binafsi kwenda kituo hichohicho kilifika kama dola milioni 55. Tangu Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, apae tarehe 12 Aprili 1961 mpaka leo, waliofika angani ni mamia tu ya watu katika dunia nzima. Chukua kijana wa Mikindani wa miaka 25, mzamiaji, mapafu kama mivukuto ya mhunzi: yuko mbali na anga sawasawa na wewe. Usikubali kuambiwa mlango umefungwa kwa ajili ya mvi zako.

Sasa mwili. Hapa nitakaa, kwa sababu nina mengi ya kukueleza na mengi yatakufurahisha.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo kidogo ambacho mtu hawezi hata kunyoosha miguu. Ulikuwa na miaka mitano hivi, uko Lindi. Sidhani kama kuna aliyekuambia kwamba mtu yule alizungumza na Unguja. Siku hizo redio ilisikika pale tu chombo kinapokuwa juu ya kituo, hivyo Wamarekani walipanga vituo kuizunguka dunia, kimoja Kano, Nigeria, kingine Tunguu, Unguja. Alipofika upande wetu, Glenn alivuta kamba ya mpira kwa nguvu ili madaktari waliokuwa chini waone moyo wake unafanyaje kazi ya mazoezi ukiwa huko. Kituo kile kiliondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mimi huwa nawaza: mtu wa kwanza wa Marekani kuizunguka dunia, na miongoni mwa watu waliomsikiliza moyo wake walikuwamo waliokuwa wamekaa Unguja, umbali ambao jahazi la Lindi lilikuwa likienda na kurudi na shehena ya mtama.

Mtu huyohuyo, Mwalimu, alirudi angani tarehe 29 Oktoba 1998 akiwa na miaka 77. Alikaa karibu siku tisa, akaizunguka dunia mara 134. Alilala amevishwa waya za kupimia usingizi, akatolewa damu na mkojo kila mara, kwa sababu madaktari walikuwa na swali kama lako: mwili wa mzee utafanya nini? Ulifanya vizuri. Aliishi mpaka Desemba 2016 akafariki na miaka 95.

Baada yake wamefuata wengine. Wally Funk alipaa Julai 2021 akiwa na miaka 82. Ed Dwight alipaa Mei 2024 akiwa na miaka 90. Hao wawili nitawarudia, maana kisa chao kinahusu swali lako la pili zaidi ya la kwanza. Halafu yupo Don Pettit, ambaye ni rika lako kabisa: alikaa kwenye kituo cha anga siku 220, akatua Kazakhstan tarehe 20 Aprili 2025, siku aliyotimiza miaka 70.

Lazima tutenganishe safari mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile ya kuruka na kurudi, ambayo Funk na Dwight walikwenda. Unapita kilomita 100 kwenda juu, unaelea dakika tatu au nne, unarudi. Yote haifiki robo saa. Shida yake kubwa ni uzito. Roketi inapokusukuma, na zaidi chombo kinaporudi kwenye hewa nzito, mwili wako unakuwa kama umezidishwa mara tatu, mara nne, hata mara tano. Kifua kinabanwa kama umekaliwa. Watu wa kawaida, wakiwamo wazee wenye presha, wenye kisukari na waliowahi kutibiwa moyo, wamewekwa kwenye mashine inayozungusha ili waonje uzito huo wakiwa hapahapa chini, na wengi wao ambao maradhi yao yalikuwa yamedhibitiwa walistahimili. Neno lenyewe ni hilo: yamedhibitiwa. Presha ya 130 inayomezewa dawa kila siku haimtishi sana daktari wa anga. Presha ya 180 ya mtu anayemeza dawa siku kichwa kinapouma, hiyo inanitisha hata akiwa amekaa barazani. Na goti lako lingestarehe kuliko kiungo chochote, kwa sababu kule juu goti halibebi kitu.

Safari ya pili ni ya kukaa miezi. Hii ni nyingine kabisa, na ndiyo iliyonifanya mimi, daktari wa kawaida wa Tanzania, nisome habari za wanaanga usiku wakati wenzangu wamelala.

Mwili wa binadamu umejengwa kupambana na mvutano wa dunia. Mfupa wa nyonga unakuwa mgumu kwa sababu kila hatua unaupiga. Moyo unakuwa imara kwa sababu kila ukisimama unalazimika kupandisha damu kichwani. Ukiuondoa mvutano, mwili unafanya kama mwenye nyumba anayeona mlinzi hana kazi: unapunguza. Mifupa ya nyonga na miguu hupoteza kama asilimia 1 mpaka 1.5 ya uzito wa madini yake kwa mwezi mmoja. Mzee wa hapa chini hupoteza kama hiyo kwa mwaka mzima. Misuli ya mapaja inanywea. Damu na maji ya mwili vinapanda juu, uso unavimba, miguu inakuwa myembamba kama ya korongo, na wengine macho yao hubadilika wasisome vizuri kama zamani. Mizani ya sikio la ndani inachanganyikiwa. Akirudi, mwanaanga wa miaka 40 anatolewa chomboni kwa kubebwa, akisimama anaona kizunguzungu, anatembea ametanua miguu, anageuka kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Umewahi kuiona picha hiyo, Mwalimu? Mimi naiona kila Jumanne kliniki. Ni ya uzee, ila imepita kwa kasi ya miezi sita. Tofauti kubwa ni kwamba yule hurudishwa. Kule juu anafanya mazoezi kama saa mbili kila siku amefungwa mikanda inayomvuta kwenye mashine ya kukimbilia, akishuka anafanyishwa mengine, na baada ya muda sehemu kubwa ya alichopoteza inarudi, ingawa mifupa husuasua na wengine haiwarudii yote.

Kuna jambo moja ningependa kila nyumba yenye mzee huku kusini ilijue. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wa miaka 20, wazima, kwa wiki tatu. Walitaka kujua kulala bila kubeba uzito wako kunaufanya nini moyo. Miaka 30 baadaye wakawatafuta wote watano, sasa wana miaka 50, wengine vitambi, wakawapima tena. Hakuna hata mmoja ambaye uwezo wake wa kufanya kazi ulikuwa umeshuka kwa miaka 30 zaidi ya ulivyoshuka zile wiki tatu za kitanda. Kisha wakawapa mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, na pumzi zao zikarudi pale zilipokuwa kabla hawajalazwa, walipokuwa na miaka 20.

Sasa nikueleze niliyoyaona mwenyewe. Mwaka juzi aliletwa mzee mmoja mkulima wa korosho kutoka upande wa Tandahimba. Alikuwa ameugua kichomi, akatibiwa, akapona. Lakini watoto wake, kwa mapenzi, walikataa asishuke kitandani. Uji aliletewa hapo, maji ya kunawa aliletewa hapo. Wiki tatu. Nilimwambia, "Mzee, hebu inuka kwenye kiti bila kushika." Akaweka mikono magotini. Nikasema bila kushika. Akainamisha kifua mbele, mapaja yakaanza kutetemeka chini ya kikoi, akanyanyuka kama upana wa kiganja, akarudi akakaa. Akanitazama. Miezi miwili kabla ya hapo mtu huyu alikuwa akipalilia mashamba yake mwenyewe. Mtoto wake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, akaanza kulia, maana alielewa. Hawakuwa wamefanya ubaya. Walikuwa wamempeleka baba yao angani bila kujua, na hawakumpa mashine ya kukimbilia.

Yule mzee tulianza naye kuinuka kitini mara tatu, kwa kushikwa. Msimu wa korosho ulipofika alikuwa anaokota.

Kwa hiyo, kwa mwili wako, Mwalimu, ninakuomba uishi kama mwanaanga aliyerudi. Kila siku inuka kitini bila kushika, mara tano kwanza, ukifika mara kumi vizuri ongeza duru ya pili jioni. Simama kwa mguu mmoja huku mkono uko karibu na ukuta. Tembea, lengo kwa watu wa umri wako ni dakika 150 kwa wiki, na ukizigawa ni nusu saa siku tano, mwendo wa kukufanya uhisi joto lakini bado uweze kuongea. Ukiamka usiku kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ukihesabu mpaka thelathini, kwa sababu dawa za presha na umri vinaweza kukupa kizunguzungu kilekile cha mwanaanga. Ila kuna moja usiwaige: wao kabla ya kushuka hunywa maji yenye chumvi ili kuongeza damu mwilini. Mwenye presha asifanye hivyo.

Na goti, wewe unaishi mahali ambapo wengi wangelipia. Wanaanga hujifunza kazi ya kuelea ndani ya bwawa kubwa huko Houston, lenye kina cha mita 12, kwa sababu maji hubeba mwili. Ghuba ya Mikindani ni tulivu. Maji yanapokuwa kiunoni, ingia umevaa yeboyebo kwa ajili ya miiba na mawe, uwe na mtu, tembea dakika kumi na tano kwenda na kurudi. Kwenye maji ya kiuno goti lako linabeba kama nusu ya uzito wako. Wewe umefundisha kupwa na kujaa kwa miaka mingi, sina haja ya kukuambia nani anayavuta yale maji. Siku za bamvua, wanawake wanapotoka na vikapu kuchokoa pweza, mwezi unakuwa umewaitia kazi.

Kuhusu tasbihi. Wanao wanasema kwa nia njema na sitaki uwajibu kwa ukali. Waambie tu kwamba Juni 1985 mwana wa mfalme wa Saudia, Sultan bin Salman, alikwenda angani na akaswali huko. Na Oktoba 2007, katika mwezi wa Ramadhani, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kwenye kituo cha anga, na kabla hajaondoka wanazuoni wa kwao walikaa wakaandika mwongozo: kibla ataelekea vipi mtu anayeizunguka dunia mara 16 kwa siku, udhu atautiaje mahali ambapo maji yanaelea, swala atazihesabu kwa saa za mji gani. Walijibu yote hayo kwa upole, wakasema afanye kwa kadiri ya uwezo wake. Wazee wa dini walikaa kikao kizima kulifikiria jambo unalolifikiria wewe. Tasbihi ishike. Mkono mwingine uko huru.

Sasa swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Hesabu ya utoto wako haikuwa ya kitoto. Armstrong alikanyaga mwezi tarehe 21 Julai 1969, saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri kwa saa zetu, jua la Lindi likiwa bado kuchomoza. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Gagarin. Mtu yeyote mwenye akili, akipima mwendo ule kwa rula, angesema ifikapo 1990 kutakuwa na mji mwezini. Watu wazima, wahandisi, walisema hivyo. Kilichotokea ni kwamba Desemba 1972 safari ya Apollo 17 iliondoka mwezini, watu 12 wakawa wamekanyaga kule, na fedha zikafungwa. Hakuna kilichoharibika. Roketi nyingine zilikuwa zimeshatengenezwa. Sehemu zake ziko kwenye makumbusho huko Marekani mpaka leo, watoto wanapita kando yake. Ulikuwa na miaka 15 au 16.

Sisi wa Mtwara na Lindi tunaijua habari hii kwa mwili. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, Nachingwea ikafyekwa, reli ikalazwa kutoka bandarini kwenda bara, na bandari ya Mtwara yenyewe ilijengwa ili karanga zipakiwe. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli ikang'olewa. Bandari ikabaki na kina chake kizuri, ikingojea. Wazee wetu waliokuwa vijana wa mradi ule walizeeka wakisikia kwamba kusini kutafunguka mwakani. Lakini bandari ile leo inapakia korosho, na gesi ya Mnazi Bay inakwenda Dar es Salaam kwa bomba. Si karanga. Hakuna aliyeota gesi mwaka 1947. Nakutajia hili kwa sababu nakuona unajilaumu kwenye barua, kana kwamba ulidanganyika peke yako. Ulitoa imani yako kwa jambo la kweli ambalo wenye fedha waliliacha njiani.

Na sasa nirudi kwa wale wawili. Mwaka 1961 Wally Funk, rubani kijana, alifanya vipimo vilevile walivyofanyiwa wanaanga wanaume. Walimlaza kwenye tangi la maji gizani, bila sauti, bila kuona, wapime akili ya mtu inavumilia nini. Alikaa saa kumi na dakika 35. Mpango ukafutwa, wanawake hawakuchukuliwa. Ed Dwight alikuwa rubani wa jeshi, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwekwa kwenye mafunzo ya kuelekea uanaanga mwanzoni mwa miaka ya sitini. Hakuteuliwa. Wote wawili walingoja miaka sitini.

Lakini "walingoja" si neno sahihi, na hapo ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo. Funk alifundisha watu kurusha ndege, wanafunzi maelfu, na akafanya kazi ya kuchunguza ajali za ndege. Dwight aliacha jeshi, akajifunza uchongaji akiwa mtu mzima, akawa mchongaji wa sanamu za shaba, sanamu zake zimesimama katika miji mingi ya Marekani. Wewe umekulia jirani na uwanda wa Makonde, unajua kuchonga kunataka siku ngapi. Siku kiti kilipopatikana, kilimkuta Funk bado ni mtu wa ndege na Dwight akiwa na mikono iliyochoka kwa kazi. Kama kisingepatikana, ile miaka sitini ingebaki ileile. Mimi siwaoni kama watu waliotimiziwa ndoto uzeeni. Nawaona kama watu ambao hamu yao ilikuwa inawatuma kazini kila asubuhi.

Hamu yako wewe ilikutuma wapi? Umeandika mstari mmoja tu kuhusu kazi yako, kwamba ulifundisha jiografia. Ningekuwa na wewe hapa ningekuuliza kuhusu mstari huo kwa saa nzima. Uliwafundisha watoto wangapi kwamba dunia inajizungusha? Uliwaonyesha kwa chungwa, au kwa taa ya kibatari na mpira? Kila mtoto wa Mikindani anayejua kwa nini bamvua inafuata mwezi mchanga na mwezi mpevu alijifunza kwa mtu aliyekuwa na kiu yako.

Niseme na jambo moja la kitabibu ambalo watu hawalitarajii. Madhara ya mionzi ya anga, hasa saratani, huchukua miaka mingi kujitokeza. Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu NASA, shirika la anga la Marekani, iliruhusu wanaanga wenye umri mkubwa kupokea mionzi zaidi kuliko vijana. Siku hizi wameweka kikomo kimoja kwa wote, milisiverti 600 (ndicho kipimo cha mionzi) kwa maisha yote ya kazi. Lakini kwa safari ya Mirihi, ambayo kwenda tu ni miezi sita mpaka tisa, wapo wanaoona kwamba watu wazima ndio wa kufikiriwa kwanza. Umri unahesabiwa kama sifa. Nimekupa hilo uwapelekee wanao mezani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kituo cha anga cha kimataifa kimekuwa na watu ndani bila kukatika tangu Novemba 2000, kiko kama kilomita 400 juu, na njia yake inakipitisha juu ya Mtwara mara kwa mara. Kinaonekana kwa macho, bila darubini. Wamarekani wamepanga kukishusha baharini baada ya 2030, hivyo una miaka michache ya kukiangalia na usiipoteze. Mimi nilikiona mara ya kwanza ufukweni Shangani, mwezi Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanarudi, karabai mbili bado zinawaka majini. Kilitokea upande wa Msumbiji, cheupe, kinang'aa kuliko nyota yoyote, hakipepesi, hakitoi sauti. Mvuvi mmoja aliyekuwa anavuta kamba aliacha akatazama. Akaniuliza, "Ile ndege gani isiyo na taa nyekundu?" Nikamwambia ni nyumba, ina watu saba. Akakaa kimya mpaka kikapotea baharini, upande wa kaskazini mashariki, kisha akauliza wanakula nini.

Mjukuu wako mwenye simu aandike kwenye intaneti jina la kituo kwa Kiingereza, International Space Station, na neno Mtwara. NASA wanatoa bure siku, saa na upande kitakapotokea. Nyakati nzuri ni jioni saa moja na kitu, jua likishazama, au alfajiri kabla halijachomoza. Kinapita kwa dakika nne mpaka sita. Usimwachie mjukuu aangalie peke yake kwenye kioo cha simu. Toka naye, mpe mkono, na mwonyeshe na mengine uliyonayo: Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho bibi zetu walikuwa wakikitazama kabla ya kupanda, na usiku wa Januari usio na mwezi wala mawingu, yale mabaka mawili meupe upande wa kusini kama moshi uliosahauliwa. Hayo ni makundi mawili ya nyota nje ya kundi letu. Mwanga wa lile kubwa umetoka huko kama miaka 160,000 iliyopita. Mtu wa Ulaya hawezi kuyaona akiwa kwao. Wewe unayaona ukiwa uani.

Dawa za presha usiache hata siku moja, na mwezi ujao njoo kliniki Jumanne tupime goti vizuri. Ukija, niletee daftari: tarehe uliyokiona, saa, kilitokea upande gani, kilipotelea wapi, na nani alikuwa na wewe. Na siku ya kwanza usisimame chini ya mwembe. Tafuta mahali palipo wazi upande wa magharibi, fika dakika kumi kabla, uzime taa ya baraza.